Futa "Haina Gluteni" kwenye pakiti yako mpaka uweze kuithibitisha

Wiki hii nilikuwa nimepanga tuendelee na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Vitasubiri.

Kama wewe ni mmoja wa wanaofungasha mchanganyiko wa kuokea, ule wa keki, maandazi au biskuti za mtama na muhogo, na kwenye pakiti yako kuna maneno HAINA GLUTENI, chukua kalamu ya wino mzito uyafute. Yafute leo, kabla ya gulio la Jumamosi. Usiseme unamalizia kwanza lebo zilizobaki.

Najua utakasirika. Lebo umezilipia, tena za rangi. Na pengine ni mimi niliyekuambia uyaandike. Ndiyo maana nasema hapa mbele ya wote, badala ya kukunong'oneza ofisini.

Mwaka juzi kikundi kimoja cha akina mama katika kata ninayoihudumia kilianza kutengeneza mchanganyiko wa keki. Wanachanganya unga wa mtama mweupe, unga wa muhogo, ulezi kidogo, sukari, maziwa ya unga na bekingi pauda. Kazi nzuri kabisa. Keki yake inapanda, haivunjikivunjiki kama keki nyingi za mtama, na mimi mwenyewe nimeila vikaoni zaidi ya mara moja. Tukajiandaa kwenda Nane Nane, viwanja vya Themi, Arusha. Nikiwa nawasaidia kupanga maneno ya lebo nikawaambia: andikeni haina gluteni, watu wa mjini wanaitafuta sana, mnaweza kupandisha bei kwa shilingi elfu moja kila pakiti. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo kwenye semina. Hakuna aliyeniuliza swali, na mimi sikujiuliza. Pakiti ziliisha siku ya tatu ya maonyesho, tukarudi tunaimba ndani ya gari.

Baada ya kama wiki mbili mwenyekiti wa kikundi akapigiwa simu na mteja. Alikuwa mama mmoja aliyenunua pakiti tatu kwa ajili ya binti yake wa miaka tisa. Mtoto huyo hospitali walishampima na kumkuta na ugonjwa wa siliaki, ambao dawa yake ni kutokula gluteni kabisa. Alikuwa hajaonja keki tangu apimwe. Mama yake akamwokea ya siku ya kuzaliwa. Siku ya pili yake tumbo likaanza, kutapika, kuharisha, akakosa shule karibu wiki nzima. Mama yule hakutukana wala hakutishia polisi. Aliuliza swali moja: "Samahani dada, unga wenu mnausaga wapi?"

Mwenyekiti akanipigia mimi. "Bwana shamba, kuna mteja anauliza tunasaga wapi. Nimjibu nini?" Nikamwambia, mjibu ukweli, mama. Na ukweli ni kwamba wanasaga pale senta, kwenye mashine ile ile tunayosagia sote. Nilikwenda kwa fundi wa mashine kumuuliza kama anakumbuka siku ile alisaga nini kabla ya mtama wa akina mama. Akacheka. "Bwana shamba, ulikuwa msimu wa ngano. Ningesaga nini tena?"

Siwezi kuapa kwamba ni unga wetu uliomuumiza mtoto yule. Anaweza kuwa alikula kitu kingine kwa jirani au shuleni. Lakini maneno yaliyomfanya mama yake atuamini yalitoka mdomoni mwangu, na nilipoyasema sikuwa na kitu chochote cha kuyashikilia.

Zao ni kitu kimoja, pakiti ni kitu kingine

Gluteni ni protini zilizomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndizo zinazofanya donge la ngano livutike, na ndizo zinazoshika hewa ndani ya mkate mpaka ukaumuka. Mtama hauna. Ulezi hauna, uwele hauna, mahindi, mchele, muhogo, viazi, ndizi, dengu, kunde, soya na karanga navyo havina. Hayo yote ni kweli, na ukweli huo ndio unaotuponza. Tunaruka kutoka "mtama hauna gluteni" mpaka "pakiti hii haina gluteni" kana kwamba mtama ulitoka shambani ukaingia kwenye pakiti bila kupita popote.

Hebu ufuate. Huku kwetu Manyara ni nchi ya ngano. Hanang imejulikana kwa mashamba makubwa ya ngano tangu miaka ya 1970. Mtama wako unaupura kwenye turubai uliloanikia ngano mwezi uliopita. Unautia kwenye kiroba kilichoandikwa unga wa ngano kilo 50, kwa sababu viroba hivyo ni imara na muuza maandazi anakuuzia kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anaupima kwa debe lile lile analopimia ngano, anaupakia kwenye trela lile lile. Hapo hatujafika hata mashineni.

Siku ile nilimwomba fundi azime mashine na kuifungua. Ni mashine ya nyundo kama zilivyo nyingi vijijini. Tulikwangua ndani ya chumba cha nyundo, nyuma ya chekeche, na kwenye bomba linalopandisha unga. Tulitumia brashi ya kupakia rangi. Tukapata unga wa kujaza kikombe cha chai, na mfuko wa kitambaa unaokamata vumbi hatukuugusa. Nisieleweke vibaya: fundi yule ni msafi kuliko wengi ninaowafahamu, anafagia asubuhi na jioni. Mashine ya nyundo ndivyo ilivyoundwa, hubaki na unga ndani, na mteja anayefuata huondoka nao.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo nilipoona aibu.

Kiwango cha chakula cha kimataifa kinachoitwa Codex kinasema chakula kikiitwa kisicho na gluteni, kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo. Sheria za Ulaya na Marekani zinatumia kiwango hicho hicho. Miligramu 20 ni nini kwa mtu aliye jikoni? Unga wa ngano una gluteni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa hiyo miligramu 20 za gluteni zimo ndani ya miligramu 200 tu za unga wa ngano, yaani moja ya tano ya gramu, unga unaokaa kwenye ncha ya kisu. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo kwenye kilo nzima. Chukua gunia la kilo 50: nafasi yako ni gramu 10. Gramu 10 za unga ni kama kijiko kimoja cha chakula. Kijiko kimoja cha ngano kwenye gunia zima na umefika mpakani. Cha pili umevuka. Sisi tulikwangua kikombe.

Watu wananiambia, lakini bwana shamba, sisi huwa tunapitisha kwanza kilo mbili tatu za mahindi kusafisha mashine. Ni utaratibu mzuri, endeleeni nao, unapunguza. Lakini umepunguza kutoka ngapi kwenda ngapi? Nani alipima? Wengine wanasema wanachekecha mara mbili. Chekeche linatenganisha chembe kubwa na ndogo. Unga wa ngano ni laini kama wako au kuliko wako, utapita nao. Kuanika juani hakusaidii, kukaanga hakusaidii, na joto la oveni halisaidii. Gluteni si mdudu wala ukungu hata useme umeuua. Ni sehemu ya nafaka yenyewe, ikiingia kwenye unga imeingia.

Na si unga peke yake

Hebu tuangalie pakiti ya mchanganyiko wa kuokea ina nini zaidi. Bekingi pauda, kwa mfano. Ndani ya bekingi pauda huwekwa wanga ili isishikane kwa unyevu. Mara nyingi ni wanga wa mahindi, lakini viwanda vingine hutumia wa ngano, na kopo halisi litakuambia. Wewe umeinunua wapi? Kama ni kwa Mangi, kwenye vifuko vidogo alivyofunga mwenyewe kutoka kwenye mfuko mkubwa, kopo lenyewe hukuliona. Sukari umenunua ya kupima. Mangi anaichota kwa bakuli, kisha anachota unga wa ngano wa kilo moja kwa bakuli hilo hilo, kisha anarudi kwenye sukari. Nenda kasimame dukani kwake nusu saa saa kumi na moja jioni, utaona mwenyewe.

Nyumbani kwa mwenyekiti tulikuta jambo jingine. Mizani ya kikundi ni ile ile anayopimia unga wa maandazi yake ya asubuhi. Mwiko pia. Beseni la kuchanganyia pia. Alipoyaona hayo kwa macho yake alikaa kwenye kigoda akasema, "Kumbe sisi ndio mashine yenyewe."

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu"

Hili nimeambiwa na watu wenye akili zao, mmoja wao akiwa na diploma kama yangu.

Siliaki si kuchagua chakula. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo kuna vijinyweleo vinavyofyonza chakula; vinaharibika na kulala. Chakula kinapita bila kumfaa. Mtoto anaharisha, tumbo linajaa, damu inapungua, anadumaa, na wewe ukimwona njiani utasema ana minyoo au hapewi chakula. Wengine hawaharishi kabisa, wanapungukiwa damu tu miaka nenda rudi. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Tumelijua hili kwa sababu ya njaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kushuku ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa kuu ya vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipokosekana, wagonjwa wake waliendelea vizuri. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Na kuhusu Wazungu: katika nchi nyingi zilizofanyiwa uchunguzi wanapatikana karibu mtu mmoja katika kila watu mia. Lakini moja ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa ni vya watoto wa Kisahrawi, hapa hapa Afrika, kaskazini: zaidi ya watano katika kila mia. Ngano huku kwetu inaliwa kila asubuhi, chapati, maandazi, mkate. Mtu asiyepimwa hana ugonjwa kwenye daftari, lakini anao tumboni.

Kiasi gani kinamdhuru? Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na madaktari wa Italia ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo wa mgonjwa. Hiyo ni nusu gramu ya unga wa ngano. Makombo yanayobaki kwenye sahani baada ya kula mkate.

Halafu yupo mwenye mzio wa ngano, huo ni ugonjwa mwingine. Huyu anaweza kuvimba midomo, kubanwa pumzi na kuanguka ndani ya dakika chache. Yeye naye anaisoma pakiti yako.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na naomba uishike. Wateja tisini na tisa kati ya mia wanaweza kula ngano bila shida. Kwao maneno HAINA GLUTENI ni pambo, kama picha ya ua kwenye kanga. Ukiyafuta hawapungukiwi chochote. Yupo mmoja tu ambaye maneno yale yameandikwa kwa ajili yake. Huyo ndiye anayeinua pakiti, anaisoma, anairudia kuisoma, halafu anaamua kumpa mwanawe. Maneno yako yakiwa ya kubahatisha, unayemdhuru ni yule yule aliyekuamini, na hao wengine wote hawatajua kamwe kwamba ulikosea. Ndiyo sababu hutapata malalamiko mengi. Usije ukahesabu ukimya huo kuwa ni uthibitisho.

Mnavyonijibu

"Wenzetu wa mjini wanaandika." Wengine wao wana mashine ya peke yao na wanapima. Wengine walinakili kutoka kwenye pakiti za nje, na jamaa wa kuchapa lebo akawawekea na alama ya suke lililokatwa kwa mstari kwa sababu inapendeza. Wewe huwezi kujua yupi ni yupi, basi usimfuate yeyote.

"Sisi tuna alama ya ubora." Hongereni sana, na asiye nayo aende. Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS, na kwa wajasiriamali wadogo SIDO wanasaidia kupitia hatua. Lakini alama ya ubora kwenye unga wa muhogo inasema unga huo umekidhi kiwango cha unga wa muhogo. Haimaanishi kuna mtu aliyeupima gluteni.

"Haina gluteni maana yake ni salama." Hapana! Mtama na muhogo vina mambo yake. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sumu. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu zina sumukuvu, na mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa katikati ya nchi, Dodoma na Manyara yetu hii. Kukausha mazao vizuri kungewafaa wateja wako wote mia, na hakuna anayekimbilia kukuandikia lebo ya hilo.

"Unatuharibia soko." Hili nalipokea, maana ni kweli kwa sehemu. Ile elfu moja ya ziada itaondoka. Lakini elfu moja hiyo ilikuwa bei ya ahadi ambayo hukuwa nayo. Ungemuuzia mtu mbegu ya mahindi iliyoandikwa chotara huku unajua hukuangalia ilitoka wapi, tungekuitaje? Tunawaita matapeli wa mbegu, na huwa mnakuja ofisini kwangu mkiwa na hasira kali, na mnakuwa na haki.

Kisha kuna jaribio la kuosha donge, ambalo limeanza kuzunguka kwenye makundi ya simu. Unakanda donge, unaliosha kwenye maji taratibu. Likibaki dude linalovutika kama ulimbo basi kuna gluteni, lisipobaki hakuna. Kwa unga wa ngano mtupu hilo ni kweli, jaribu uone, watoto watafurahi. Kwa ngano iliyochakachuliwa nusu kwa nusu pia utaona kitu. Lakini kwa kijiko kimoja ndani ya gunia hutaona chochote, na ni kijiko hicho tunachokizungumzia. Ayodini nayo inaonyesha wanga, haionyeshi gluteni. Muhogo na ngano zote zitageuka bluu nyeusi. Kipimo cha kweli hufanyika maabara, au kwa vijiti maalumu vya kupimia ambavyo vinaagizwa na si rahisi. Hakuna njia ya jikoni.

Kama wewe ni mnunuzi

Au una duka na mteja amekuuliza, "Hii mwanangu anaweza kula?" Usijibu ndiyo kwa sababu unataka auze mfuko ule uondoke kwenye rafu. Geuza pakiti usome nyuma. Maneno makubwa ya mbele ni ya biashara. Ya nyuma, madogo, ndiyo ya chakula.

Tafuta ngano kwa majina yake yote: atta ni ngano, suji na semolina ni ngano, tambi za kawaida ni ngano. Ukikuta "unga" peke yake bila kusema wa nini, ulize kuwa ni wa ngano mpaka uambiwe vingine. "Wanga" bila jina la zao, vivyo hivyo. Kimea cha ulezi au mtama hakina gluteni, kimea cha shayiri kinayo, na pakiti ikisema "kimea" tu basi hujajibiwa. Neno shayiri lenyewe ni mtego. Watu wengine huita shayiri ile nafaka ya kutengenezea bia, wengine huita hivyo ule uji wa oti wa kwenye kopo. Ya bia ina gluteni. Oti kwa asili haina ile ya ngano, ila hulimwa na kusagwa pamoja na ngano kiasi kwamba oti ya kawaida haifai kwa mgonjwa. Unga wa lishe, ambao huwa tunausifia kliniki, mara nyingi umetiwa ngano kwa makusudi. Usimpe mtoto wa siliaki kabla hujasoma. "Haina ngano" si sawa na "haina gluteni," kwa sababu ya hiyo shayiri.

Ukiona "imetengenezwa mahali panaposagwa ngano", mshukuru mwenye pakiti kwa ukweli wake na uiache. Ukiona HAINA GLUTENI na namba ya simu, piga. Uliza maswali ya yule mama: mnasaga wapi, mashine hiyo inasaga nini kingine, mlipima lini, karatasi ya majibu ya bechi hii mnayo? Mwenye nayo atakutumia picha kabla hujamaliza kuongea. Anayeanza kukuambia kwamba mtama kwa asili hauna gluteni amekwisha kukujibu.

Jambo moja la afya, kisha nirudi kwenye unga. Kama unadhani wewe au mtoto wako ana tatizo hili, usianze kwa kuacha ngano. Nenda hospitali kwanza ukiwa bado unaila. Ukiacha kabla ya kupimwa, kipimo kinaweza kuonyesha huna wakati unao.

Uandike nini basi

Andika unachokijua. Kikundi chetu sasa wameandika hivi: "Viambato: unga wa mtama, unga wa muhogo, unga wa ulezi, sukari, maziwa ya unga, bekingi pauda. Umesagwa kwenye mashine inayosaga pia ngano. Haufai kwa mwenye ugonjwa wa siliaki au mzio wa ngano." Mwenyekiti alipinga sentensi ya mwisho, akasema inafukuza wateja. Tulibishana jioni nzima. Mwishowe ni mweka hazina, bibi mmoja asiyependa maneno mengi, aliyesema kama ni mjukuu wake angependa aisome. Ikapita.

Kama unataka kweli kulirudisha neno lile, njia ipo na si siri. Mashine yako mwenyewe ambayo haijawahi na haitawahi kusaga ngano wala shayiri. Viroba vipya, turubai la peke yake, beseni, mwiko, mizani na chekeche vya peke yake, vyenye rangi tofauti ili mtoto asije akavichukua kwa maandazi. Nafaka kutoka kwa wakulima unaowajua kwa majina, ichambuliwe kwa mkono kabla ya kusagwa, maana punje moja ya ngano kwenye ungo unaiona, ikishakuwa unga huioni tena. Bekingi pauda kwenye kopo lililofungwa kiwandani. Daftari la kila bechi. Na kipimo cha maabara, si mara moja ya kujifurahisha bali kwa bechi unazouza. Ni ghali kwa kikundi kimoja. Vikundi vitatu au vinne vya kata moja vikichangia mashine moja inaweza kuwezekana, na maombi ya mkopo wa halmashauri naweza kukaa nanyi tukayaandika.

Yule mama wa Arusha bado ni mteja. Hanunui mchanganyiko tena. Anaagiza mtama mzima, kilo kumi kumi, unatumwa kwenye basi ndani ya kiroba kipya. Anaupepeta na kuuchambua kwenye sinia, anauosha, anauanika, na anautwanga kwenye kinu alichokinunua kwa kazi hiyo tu. Alimwambia mwenyekiti kwamba binti sasa ndiye anayeshika mchi.

Nipo ofisi ya kata Jumanne na Alhamisi asubuhi mpaka saa sita. Njoo na pakiti yako. Kalamu za wino mzito ninazo mbili.